Gurudumu la Nne

Nilikuwa nakaza nati ya gurudumu la nne mama aliponiita kutoka chumbani.

Mimi kukaa bure siwezi, mikono huniwasha. Toroli lile nililigonga tangu alfajiri kwa mbao za kabati bovu, maana mgongo ulishagoma kubeba mabeseni ya nguo za watu hadi bombani. Magurudumu niliyafungua kwenye kiti cha mama. Miezi mitatu hakuwa amekikalia. Alilala kageukia ukuta, uji tunambembeleza, na dada yangu alishasema tusijipe moyo bure.

"Wewe mwanangu!"

"Abee, mama."

"Nje kuna jua?"

"Linawaka kweli."

"Basi niletee kiti changu. Ukuta huu nimeuchoka."

Spana ikanitoka mkononi. Kiti chenyewe kilikuwa kimekaa chini pembeni, kama mtoto aliyesusa.

"Nakuja mama, nakifuta vumbi!"

"Fanya upesi, nisije nikaghairi."

Nikaishika spana, nikaiweka, nikaishika tena. Kuyafungua magurudumu yale kulikuwa kumenila saa nzima, na kucha zangu bado zilikuwa nyeusi kwa grisi. Nikalisukuma toroli kwa kidole. Likateleza kimya.

"Mbona huji? Nimeshaketi mwenyewe!"

Nikakimbilia kwenye kamba. Nikaanua mashuka ya mteja, meupe pe, na kwa mikono ile ile ya grisi nikaanza kuyatandika ndani ya toroli.