Majarida Yaliyofungiwa Bhajia

Mbarouk aliingia na bhajia tena. Tangu ampe Mama Kidawa, muuza bhajia, majarida yake ya kompyuta ya kufungia, ili ile kona ya chumba ipate kitanda cha mtoto anayekuja, haikupita siku bila yeye kununua.

"Hivi mimba ninayo mimi au unayo wewe?" Salha alimuuliza, mkono kiunoni. "Mbona uchu uko kwako?"

Mbarouk alicheka kwa haya. Alimimina bhajia kwenye sahani, akaunyoosha pajani ukurasa uliozifungia. Palikuwa na picha ya kompyuta nyeupe, nene kama jiwe la kusagia, na chini yake sifa za diski na kasi yake.

"Hii niliililia ujanani," alisema. "Nilikuwa nikilala na picha yake chini ya mto. Leo hata simu yako inaishinda."

"Na bado unaitamani?"

"Bado, mke wangu."

Salha alimtazama, kisha akaenda chumbani. Alirudi na kurasa nyingine, zimenyooshwa vizuri, zote zikinukia vitunguu na pilipili.

"Mimi humpitia Mama Kidawa asubuhi," alisema. "Mtoto atataka kujua baba yake alipenda nini kabla yetu."

Walizibandika zote kwenye dirisha lisilo na pazia, juu ya kitanda kidogo. Jua la alasiri likapenya pale mafuta yalipoilowesha karatasi, na kioo cha ile kompyuta nyeupe kikawaka.

Mbarouk akanyoosha kidole, kama mtu anayetafuta pa kubonyeza.