Injini ya Hamsini na Nane

Haki ya nani hii ni kweli tupu, na anayebisha akaikague suruali nyeupe ya mzee: doa la oili halijatoka hadi leo.

Asubuhi hiyo Mlinzi alimburuta baba yake gereji kama anayempeleka mwizi kituoni, ameung'ang'ania ule mkono mgumu uliochonga mawe ya makaburi ya nusu mji.

Mlinzi halikuwa jina lake. Alikuwa na miaka kumi alipoachwa nje ya duka kulinda pikipiki ambayo baba yake na baba mdogo waliinunua kwa shirika. Akasinzia. Alipozinduka, pikipiki haipo. Tangu hapo, miaka arobaini, hapakuwa na harusi wala msiba ambapo mzee hakumnanga: "Viatu vyenu msimwachie huyo, ni mlinzi!" Baba mdogo alikufa bila kumsemesha tena.

"Hii hapa!" Mlinzi alifoka, akiisonta injini kuukuu mezani kwa fundi. "Pezi la tatu la kupozea limemeguka. Nililimega mimi, ukanichapa!"

"Chuma chakavu hicho," mzee alijibu, macho ameyaelekeza mlangoni. "Soma namba: mwaka sitini na saba. Yetu ilikuwa ya hamsini na nane. Au hata kusoma unasinzia?"

Mafundi wakaangua kicheko. Damu ikamchemka Mlinzi.

"Nimechoka, baba! Leo mmoja wetu atatoka hapa hana uso!"

"Haya! Ikiwa ndiyo yenyewe, nitapiga goti hapahapa kwenye oili, nikuombe radhi mbele ya hawa wacheka ovyo."

Fundi mkuu hakucheka. Aliizunguka injini, akaipapasa huku na huku kama daktari anayetafuta panapouma.

"Kasha la gia liko mbali na injini," alisema. "Za sitini na saba zimeungana, kitu kimoja. Na mapezi haya ya mviringo kiwandani waliyatengeneza miaka miwili tu, wakayaacha. Hii ni hamsini na nane, hata mkinizika nayo."

"Na namba je?" mzee alibweka. "Namba nayo imelewa?"

"Namba ni ya uongo, mzee wangu." Fundi aliimwagia mafuta ya taa, akaisugua kwa tambara. "Kiwandani hugonga kwa muhuri wa chuma. Hii imechongwa kwa patasi. Lakini aliyechonga alikuwa na mkono, jamani! Tazameni saba hii: mshipi kiunoni, mkia kama wa jogoo. Tangu nizaliwe sijaona saba ya namna hii."

Mlinzi alikuwa ameiona. Kila mwaka aliipangusa vumbi kwenye jiwe la kaburi la mama yake.

Alipogeuka, mzee alikuwa keshapiga goti.