Jambazi Mwenye Adabu

Filamu yetu ya kutisha ilibakiwa na chupa moja ya damu, yaani sharubati na rangi, na shati moja safi.

Clive, muuza nyama mstaafu wa hapa Essex, Uingereza, ndiye jambazi wetu. Ameshamchoma kisu mwigizaji anayecheza msaliti mara tatu, na kila mara maneno yanamponyoka: "Samahani, bwana."

"Clive, muuaji haombi radhi," nikamkumbusha, mimi mwongozaji.

"Najua, binti. Mazoea tu."

Kamera ikawaka. Kisu cha uongo kikaingia, damu ikatapakaa. Clive akainama, akamfunga marehemu kifungo cha kola, taratibu. "Samahani, mwanangu."

Nywele zikanisimama.

"Usizime," nikamnong'oneza mpiga picha.

Hapo maiti, macho yamefumbwa, akajibu kwa upole: "Usijali, Clive."