Zamzam na Nyumba ya Ng'ambo

Wanangu, angalieni wivu ulivyomfanya Zamzam. Alipoona picha ya Rukia jirani yake imebandikwa ukutani, kuwa anagombea udiwani, roho ilimuuma. Mtu wanayesukana naye nywele barazani, leo aitwe mheshimiwa?

Afisa wa mipaka ya kata alipokuja kusikiliza wananchi, Zamzam akawahi kusimama.

“Bwana afisa, kata yetu inaishia mtaroni. Rukia anakaa ng'ambo. Agombee kwao huko!”

Afisa akaitazama ramani yake. “Kweli, mama. Tunamhamishia kata ya ng'ambo, akagombee huko.”

Zamzam akapiga kigelegele.

“Na huko mpinzani wake nani?” mtu akauliza.

“Hana. Aliyekuwepo alijitoa juzi. Basi Rukia amepita bila kupingwa.”

Kigelegele kikamkatikia Zamzam kooni. Wanawake wakakipokea, wakakipaza mtaa mzima.

“Hongera, Zamzam! Umemchagua peke yako!”

Rukia akaja mbio, machozi yanamtiririka, mikono ameitandaza.

“Shoga yangu! Kumbe ulikuwa unanitafutia njia?”

Zamzam akaitazama ile mikono inavyokuja. Yake mwenyewe alikuwa ameificha ndani ya kanga, na watu wote wanamwangalia.