Ziwa la Mzee Konstantino

Mara ya tatu Nyangi alipomkatiza mumewe, mgeni wao Mboje aliweka kikombe cha chai chini na kuuma ulimi.

Hakuja kijijini Kenyamonta kugombana na mtu. Alikuja kuonwa. Yeye alikuwa Msukuma wa Bariadi, mchimbaji wa dhahabu, na huu ulikuwa mwezi wa nane tangu ampende Agness, binti wa nyumba ile. Kabla hajatuma mshenga, Agness alimwita aje Jumapili baada ya misa, wazazi wamtazame. Alimpa onyo moja tu.

"Baba akianza habari za lile ziwa la Ulaya, ole wako ukisinzia."

Nani angesinzia? Mzee Konstantino alikuwa fundi wa kusimulia. Majirani watatu walikuwa wamekuja na vigoda vyao, na walionekana wanaijua hadithi yenyewe kama Baba Yetu, lakini bado walitaka kuisikia.

"Parokia rafiki ya kule Uswisi ikaandika barua," alianza mzee. "Wanataka mfugaji mmoja wa huku akaone wao wanafugaje. Mmoja tu! Basi, mwezi wa kumi huo, unashuka kwenye ndege, unapandishwa treni, treni inaizunguka milima weee, mara unaliona ziwa. Limetulia katikati ya milima kama maji kwenye kiganja. Na miti yote ya mlimani imegeuka njano, unaweza kuapa ni dhahabu."

"Dhahabu?" Mboje alishtuka.

"Mchimbaji kasikia jina la mama yake," alisema jirani mmoja, mama mnene aliyeitwa Wegesa. Watu wakacheka, Mboje naye akacheka, akajiona ameanza kupokelewa.

"Hapo unapanda boti nyekundu, kubwa kama kanisa..."

"Nyeupe," alisema Nyangi. Alikuwa pembeni na ungo wake, anachambua maharage, wala hakuinua uso. "Bendera ndiyo ilikuwa nyekundu."

Mzee akarukia habari za ng'ombe. Kule, alisema, ng'ombe hushinda milimani kiangazi chote, na baridi ikikaribia huteremshwa kwa sherehe, wana kengele shingoni kama sufuria za ubwabwa, na wote wamevishwa maua kichwani kama bibi harusi.

"Si wote," alisema Nyangi. "Yule anayetangulia."

Mboje akaona aibu kwa niaba ya mzee. Ili kumrudishia heshima, akanyoosha kidole kwenye picha iliyobandikwa ukutani: ziwa la buluu, mlima wenye kofia ya theluji, hakuna mtu.

"Mzee, mbona hapa huonekani?"

"Anayepiga picha haonekani kwenye picha, kijana," alijibu Konstantino kwa upole mkubwa.

Wegesa akaziba mdomo kwa kanga na kukohoa. Mboje akadhani amepaliwa na chai.

"Sasa hilo ziwa," mzee aliendelea, "lote ni barafu. Unaweza kuswaga ng'ombe juu yake."

"Barafu ilikuwa huko juu mlimani," alisema Nyangi. "Ziwani mlikuwa na maji. Na bata."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya tatu. Mboje alifikiri kwa haraka. Kwao, mwanamke hamsahihishi mumewe mbele ya wageni hata mume akisema jua linachomoza Mwanza. Hapa mzee wa watu amevuka bahari, ameona ya kuona, halafu anasutwa na mtu aliyebaki nyumbani na ungo. Majirani wote kimya! Akajiambia kwamba mwanamume atakayemtetea mzee huyu leo ndiye atakayepewa binti yake.

Akasubiri nafasi. Haikukawia.

"Kuna gari," mzee alisema, sauti ikishuka, "linaning'inia kwenye waya. Linapanda mlima bila barabara, chini yako kuna korongo, hewa tupu. Humo ndani watu wazima wanasali rozari kwa sauti!"

"Hakuna aliyesali."

"Samahani, mama," alisema Mboje, akasimama kabisa. "Samahani sana. Mimi ni mgeni na ni mtoto kwako. Lakini naomba umwache mwenyewe amalize. Aliyefika ndiye anayejua."

Kuku aliyekuwa mlangoni alisikika akidonoa. Agness alitokeza kutoka jikoni, mkono mdomoni, macho yamemtoka, na Mboje akayaona yale macho. Miezi minane imekwenda na maji. Akatamani ardhi ipasuke. Yeye mwenyewe angemalizia kuichimba.

Nyangi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Akamtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, kama anayemtazama ndama mnadani. Kisha akausukuma ungo kando na kujifuta mikono.

"Amesema kweli," alisema. "Miaka miwili nasubiri mtu aseme hivyo ndani ya nyumba hii. Konstantino, umesikia? Nyamaza."

Akavuta kigoda chake hadi katikati ya watu, na majirani wakapiga makofi.

Mzee Konstantino alisogea kumpisha, akaketi karibu na Mboje na kumnong'oneza sikioni, ameridhika kabisa:

"Umenikomesha, mkwe. Mimi niliishia Mwanza, uwanja wa ndege, nampungia mkono mpaka ndege ikawa kama inzi."