Kiti Kisicho na Uzito

Tangu simu zilipopigwa marufuku kwenye malori ya safari ndefu, kilichofika nyumbani kwa madereva ni namba za hitilafu za malori yao tu, zikiwaka kwenye kioo cha taarifa ukutani. Tumpale wa Makambako alijifunza kuzisoma kama barua za mumewe, Lutengano. Ikija P0217, injini imechemka. Basi yuko mlima Kitonga, na jioni atafika. Tumpale alikuwa akicheka peke yake jikoni: "Pole, baba. Panda taratibu."

Kisha kampuni ikamkabidhi Lutengano lori jipya lisilougua. Wiki tatu kioo kikanyamaza. Tumpale akajikuta akiliombea lori lichemke, au walau lipate pancha.

Alasiri moja namba ikawaka, lakini ilianza na B, herufi asiyojua maana yake. Akakimbia kwa jirani, Mzee Mwakalobo, fundi mstaafu.

"B ni mambo ya ndani ya gari," alisema mzee, akavua miwani. "Hii ni ya kiti cha dereva. Hakina uzito."

"Labda ameshuka kuchimba dawa kichakani."

"Lori linatembea, mwanangu. Haya mapya hujiendesha."

Tumpale hakurudi nyumbani. Alikwenda barabarani, akasimama mpaka lori likatokea. Jua lilimeta kwenye kioo cha mbele, ndani hapakuonekana. Lilipomkaribia likapunguza mwendo, likapiga honi mbili fupi na moja ndefu, salamu ileile ya Lutengano ya miaka yote. Halikusimama. Likashika njia ya Tunduma, na Tumpale akajikuta ameinua mkono, akilipungia.