Mshale Uliong'ang'ania Ihanja

Mshale ukapita Ihanja tena. Mara ya tatu hiyo.

Enock akapiga meza ngumi, kompyuta ikaruka. Miaka miwili sasa kazi yake ni hiyo: anachukua ramani ya bure, ile ambayo yeyote anaweza kuichora, anaipitisha kwenye programu, inatoka ramani ya kuongoza gari hata pasipo mtandao. Kila barabara ina namba zake: ukubwa, mwendo, inapitika au haipitiki. Ya Ihanja ameishusha mwendo mpaka sifuri, na mshale bado unaitaka.

Nje, Kinyangiri nzima ilikuwa imehamia uani kwao. Masufuria matano jikoni, wanawake wanachambua mchele, midomo haipumziki.

"Miaka yote anakuja kwa zamu, wiki yupo, wiki hayupo," jirani yao Klara alikuwa akiwamwagia wenzake umbea. "Leo anakuja kukaa moja kwa moja."

"Shusha sauti wewe, mwenyewe anasikia!"

Mwenyewe ni Severina, mama yake Enock. Akachungulia mlangoni, macho mekundu. "Saa tano hii, mwanangu. Baba yako akikwama njiani, hapa hafiki tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

Enock akampigia Benson, dereva wa Dodoma, aliyeegesha gari Kintinku kungoja ramani mpya. Njia za Singida hazijui. Bila mshale haendi.

"Kaka, usiondoke kwanza. Daraja la Ihanja limebebwa na maji."

"Si uniambie tu nipite wapi?"

"Huko porini njia ziko ishirini, utapotea. Nipe dakika kumi. Mzee vipi?"

"Mzee katulia. Hata mashimo hayamsumbui."

Enock akafumba macho. Alipoyafumbua akairudia orodha ya amri anazoipa programu, mstari kwa mstari, na ndipo akaona. Programu inasoma kutoka juu. Ikikuta amri ya kwanza inayoihusu barabara, inaishia hapo hapo. Na yeye ya kwake kaibandika mkiani! Akaihamishia juu kabisa: Ihanja, haipitiki. Akabonyeza, akangoja.

Mshale ukasita, ukakunja, ukaingia njia za porini na kuizunguka Ihanja kwa mbali, kama mtu anayekwepa nyumba yenye mbwa. Akaituma.

Jua lilikuwa limeshagusa vilima gari lilipoingia uani. Severina akaukumbatia mlango wa nyuma wa gari, akateleza nao mpaka chini.

"Kaja kwangu!" alilia. "Jamani, kaja kwangu!"

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Enock. Ujumbe wa Joyce, dada yake wa Ihanja, binti wa mke mkubwa wa baba yao:

"Kaka, daraja letu ni zima, tumelikalia tangu asubuhi tukimngoja baba. Kaburi tumeshachimba. Jeneza mmelipitisha wapi?"